Maji Kwanza, Ndipo Mafuta

Kila Jumapili, misa ikishakwisha na sufuria ya supu ya maboga ikishasuguliwa, Ismani hutoa kigoda na kukiweka mlangoni. Yeye hukaa juu ya kigoda. Binti yake Lovana hukaa chini, katikati ya magoti yake. Chanuo huwa mapajani, tepe nyeupe za shule huning'inia begani, na chupa ya mafuta ya nyonyo husimama kwenye kizingiti, juani.

Ismani aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za juma. Wakati huo ukungu hupanda kutoka bondeni taratibu. Hufunika kwanza mibuni, kisha migomba, kisha nyumba za chini, mpaka kijiji cha Fonblan huonekana kama kimeinuliwa na kuwekwa juu ya wingu. Vidole vya Ismani hujua njia vyenyewe. Akili yake huenda inakotaka. Alikuwa na mazoea ya kusali sala moja fupi kwa kila msuko. Msuko wa kwanza ni wa mume wake, Sovè. Wa pili ni wa magoti ya mama mkwe wake, Bibi Izali. Wa tatu ni wa marehemu mama yake. Kichwa kikiisha, sala nazo zimeisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Lovana alipokuwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na miaka minane, na tangu upepo wa kaskazini ulipoanza kuvuma mwezi wa kwanza, mtoto alikuwa akikimbia.

"Lovana! Njoo tusuke."

Mtoto hakutokea.

"We Lovana!"

"Sipo, nimekwenda kwa mbuzi!"

Bibi Izali alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya mbaazi. Aliinua kichwa.

"Mtu aliyekwenda kwa mbuzi mbona anajibu nyuma ya choo?"

Lovana alitoka polepole. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi.

"Mama, inauma."

"Leo nitakwenda taratibu."

"Jumapili ile nayo ulisema hivyo."

"Kaa, mwanangu. Kesho shuleni Sista mkuu anakagua vichwa. Unataka akurudishe nyumbani?"

Lovana alikaa. Ismani alimfungua mtoto kitambaa cha kichwani. Juu ya masikio, kwenye mapanja, nywele zilikuwa zimekwisha. Ngozi ilionekana, nayo inameta. Mahali pengine mba mweupe ulikuwa umeshikana na mafuta, umekuwa kama uji uliokauka. Mbona hali hii, ilhali kila asubuhi anampaka mafuta? Tena si mafuta ya kununua. Ni mafuta aliyoyatengeneza kwa mikono yake. Mbegu alizianika mpaka maganda yakapasuka. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta kijiko kwa kijiko. Mafuta meusi, mazito. Watu wa Fonblan wote wanajua kwamba mafuta ya nyonyo hukuza nywele.

"Wenzangu wananiita kuku wa karamu, eti nimeshanyonyolewa," Lovana alisema bila kugeuka. "Wananiuliza karamu ni lini."

"Nani hao?"

"Wote."

Ismani alikaza midomo. Alimimina mafuta kwenye kiganja, akayapaka kichwa kizima, akaongeza tena. Kisha akaanza kusuka. Alivuta kwa nguvu, kama siku zote, ili misuko ifike Ijumaa bila kufumuka. Alipofika panja la kulia, chanuo lilitoka na kishungi cha nywele.

Lovana alipiga kelele, akaruka, akasimama mbali naye. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Siitaki mikono yako!" alisema. "Mama, mikono yako siitaki tena!"

Akakimbia, akajitupa mkekani, akaficha uso kwenye sketi ya Bibi Izali. Mbaazi zikamwagika.

Ismani alibaki pale mlangoni. Magoti yake yalikuwa wazi, na katikati yake hapakuwa na mtu. Aliitazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Alitaka kusali, maneno hayakuja. Alisema tu, "Bwana, unaona." Akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango. Ukungu ukaja ukamfunika miguu, na usingizi ukamchukua akiwa amekaa.

Aliota yuko shambani. Mahindi yamesimama mistari mistari. Mkononi ana kibuyu, na anamwagilia. Lakini kilichokuwa kinatoka kibuyuni ni mafuta. Mahindi yakang'aa. Yalikuwa mazuri mno, majani yake kama kioo. Kisha, moja baada ya jingine, yakaanza kuinama. Ismani akakimbia huku na huku akiongeza mafuta. Yakazidi kuinama. Ndipo aliposikia sauti ndogo chini ya udongo ikisema, "Mama, nina kiu."

Akashtuka. Jua lilikuwa limegeukia upande wa pili wa nyumba. Lovana alikuwa amelala mkekani, kitambaa kimerudi kichwani.

Juma lile Bibi Izali ndiye aliyemfunga mtoto tepe, juu juu tu, kwa mikono yake inayotetemeka. Lovana alikula chakula cha mama yake. Alimsalimia asubuhi. Alichota maji alipotumwa. Lakini Ismani akipitisha mkono karibu na kichwa chake, mtoto aliinama upande, kama mtu anayekwepa tawi njiani. Hilo ndilo lililomnyima Ismani raha. Nywele zinaweza kuota tena, alijisemea. Lakini je, mtoto akizoea kukwepa mkono wa mama yake?

Jumanne mchana sauti ya mtu anayebisha hodi ilisikika kwenye ua.

"Heshima kwenu!"

"Taadhima! Pita ndani," Bibi Izali alijibu.

Alikuwa Nadèj, mhudumu wa afya wa kijiji. Begani alining'iniza mzani wa kupimia watoto wachanga. Viatu vyake vilijaa matope ya mtoni. Ni yeye aliyembeba Lovana siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Ismani waliitana komè, kama waitanavyo Fonblan mama mzazi na mama wa ubatizo.

"Umekuja kumpima nani?" Bibi Izali alimuuliza. "Mtoto asiye na meno hapa ni mimi peke yangu."

"Basi panda mzanini, Bibi. Nikikuta umepungua nitakuandikia uji."

"Uji huo kampe mama yako!"

Wakacheka. Ismani aliweka kahawa motoni. Lovana alirudi kutoka shule, akabusu shavu la mama yake wa ubatizo, akataka kupita. Nadèj alimshika mkono.

"Mbona kitambaa, na jua lote hili?"

Lovana aliangalia chini. Ismani akaona hakuna la kuficha. Akaeleza yote: mafuta ya kila asubuhi, nywele zinazotoka, kuku wa karamu, Jumapili ile. Maneno ya mikono aliyasema mwisho, akifuta viganja kwenye sketi. Nadèj alikunywa kahawa kidogo kumpa nafasi. Kisha akapiga goti mbele ya mtoto.

"Naomba ruhusa ya kichwa chako. Ukikataa, sitagusa."

Lovana alifikiri. Akafungua kitambaa mwenyewe.

Nadèj alimpeleka penye mwanga. Aliangalia juu ya masikio, kisogoni, utosini.

"Hakuna usaha," alisema. "Hakuna mabaka ya duara yenye magamba. Kwa hiyo haya si mapunye. Yangekuwa mapunye, ningekwambia leo hii mpeleke kliniki, maana mapunye hayaponi kwa mafuta. Yanataka dawa ya kunywa. Komè, lete kidole chako. Gusa hapa. Nje pakoje?"

"Panateleza."

"Haya, tenganisha nywele, ingia ndani. Pakoje?"

Ismani aligusa kwa woga, ncha ya kidole tu.

"Pakavu," alisema. "Kama majani ya mgomba yaliyokufa."

"Kichwa hiki kiliguswa na maji lini?"

"Sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa mwezi wa kwanza."

"Ya mwaka huu?"

"Usinitanie, komè! Ya mwaka huu. Juma lile ndipo nilipokaanga mbegu."

"Na tangu hapo hujamwosha? Sasa tumo katika Kwaresima."

Bibi Izali aliweka ungo wa mbaazi chini. "Wewe Nadèj, umesoma mpaka umesahau? Mtu aliyekaanga hagusi maji baridi. Mwili wa moto, maji ya baridi, ugonjwa unaingia kama mwizi. Binamu yangu Klotè alikaanga kahawa, akaenda kisimani kunawa uso. Mdomo ukahamia upande wa sikio. Mpaka leo akiitikia 'Amina', inatokea pembeni."

"Namjua Klotè," alisema Nadèj. "Na simbishii mtu mzima. Siku ya kukaanga, mtu apumzike. Lakini aliyekaanga ni Ismani, si Lovana."

"Mafuta yenyewe ni ya moto," Ismani alisema. "Yamekaangwa, yakachemshwa, yakarudishwa motoni tena. Nikashika wazo kwamba kichwa chenye mafuta ni kichwa cha moto. Nikimwagia maji ya kisima chetu, na baridi hii, si nitamuua mtoto? Nikaona bora nisubiri mafuta yafanye kazi yao. Nikaona hayafanyi, nikaongeza."

Nadèj hakumcheka. Alimgeukia Bibi Izali.

"Bibi, Sovè alipozaliwa ulimwogesha kwa maji gani?"

"Maji ya jua, maji gani tena? Beseni linakaa uani toka asubuhi. Unatia majani ya mstafeli. Mchana maji yana joto kama maziwa, unamwogesha."

"Akishatoka majini?"

"Unampaka mafuta ya nyonyo kabla hajakauka. Ngozi yake ilikuwa laini, watu walikuwa wanaomba kumshika."

"Kumbe mafuta na maji hayakugombana kwa Sovè?"

Bibi Izali alichukua punje moja ya mbaazi, akaigeuzageuza.

"Mh," alisema.

"Basi mtoto wa miaka minane ana kosa gani asipate beseni lake?"

"Ismani hakuniuliza habari za beseni," Bibi Izali alisema. "Aliniuliza habari za kukaanga, nikamjibu habari za kukaanga."

Ismani alikuwa anatazama mbali. "Niliota," alisema. Akawasimulia ndoto ya mahindi.

Nadèj alimsikiliza mpaka mwisho. Akafanya ishara ya msalaba.

"Komè, Mungu amekufundisha kabla yangu. Mimi nimechelewa, nimekuja na miguu. Sikiliza. Mafuta si maji. Nywele na ngozi vinahitaji unyevu, na unyevu hutoka kwenye maji. Kazi ya mafuta ni kufunga mlango ili unyevu usitoke, hasa wakati huu wa upepo. Maji yakiwa ndani, funga mlango. Lakini ukifunga mlango wa nyumba tupu, umehifadhi nini? Na vumbi la njia yote ya shule linanata juu yake, jasho linanata, mba unanata. Ngozi inawasha, mtoto anajikuna, vidonda vinatoka."

"Kwa hiyo kosa si mafuta."

"Mafuta ni mema. Nayo ni sehemu ya pili. Ila hapa kwenye mapanja kuna kosa jingine." Nadèj alisogeza kigoda. "Kaa. Nikusuke."

"Mimi? Saa hii?"

"Kaa, nikusuke msuko mmoja tu, kama unavyomsuka Lovana. Lovana, njoo unielekeze. Nikilegeza, niambie."

Ismani alikaa, anacheka. Nadèj alikamata nywele za pembeni, akavuta.

"Zaidi," alisema Lovana.

Akavuta.

"Bado. Mama anaweka na goti."

Nadèj aliweka goti. Kicheko cha Ismani kikaisha. Msuko ulipomalizika, ukafungwa utepe, Lovana alimzunguka mama yake kumtazama usoni. Akashika mdomo.

"Mama! Nyusi zako zimepanda!"

Hata Bibi Izali alicheka mpaka akakohoa. Nadèj akasema, "Sasa usiufungue. Kunywa kahawa yako."

Ismani alikunywa. Mwanzo ngozi ilivutika tu. Kisha panja likaanza kugonga, taratibu, kama mchi kwenye kinu cha jirani. Kikombe hakijaisha, jicho la upande ule likaanza kutoa machozi. Aliwaza ingekuwaje misuko ikiwa kumi na miwili. Aliwaza kulala juu yake. Aliwaza kufanya hesabu za shule huku kichwa kinagonga.

Alimvuta Lovana karibu kwa mkono, hakumgusa kichwa.

"Hivi ndivyo unavyosikia?"

"Ndiyo, mama."

"Kila Jumapili?"

"Mpaka Alhamisi," alisema Lovana. "Ijumaa hauumi."

Ismani aliweka kikombe chini. Alifungua ule msuko. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama yuko mbele ya padre, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakuona unalia, nikadhani ni deko."

Lovana alinyanyua mabega. Lakini hakuondoka pale alipokuwa.

Nadèj alichukua chupa pale kizingitini. Akaifungua, akainusa, akakunja pua.

"Haya yameungua."

"Meusi ndiyo yenye nguvu," alisema Ismani.

"Kila mtu Fonblan anasema hivyo, na kila mtu anaunguza mbegu. Kaanga mpaka ziwe kahawia kama kahawa ya kunywa, basi. Zikiwa mkaa, unapaka moshi. Tena ona chini ya chupa. Kuna maji. Ukishaengua mafuta, yarudishe kwenye sufuria ndogo, moto mdogo. Yatapasukapasuka. Yakinyamaza kabisa, maji yameisha. Hapo ipua. Na chupa usiiweke juani. Tafuta ya rangi ya giza, weka ndani, kwenye ubaridi. Mafuta yanayokaa juani yanachacha."

"Haya nimwage?"

"Paka bawaba za mlango, unapiga kelele kweli. Mtoto mtengenezee mapya. Na ukiyatengeneza, paka tone moja hapa kwenye kiwiko, ndani. Ngoja mpaka kesho yake. Pasipowasha wala kuwa pekundu, ni salama. Na wewe, Lovana, mbegu za nyonyo zinamfanya nini mtoto akizitafuna?"

"Zinamuua," alisema Lovana. "Bibi ameniambia."

"Bibi amesema kweli. Mbegu na makapi yake ni sumu, kwa watu na kwa mbuzi. Mafuta ni ya kupaka. Na kwenye kidonda kibichi hatupaki, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Hilo nawaambia kila nyumba mpaka wananikimbia."

Alhamisi Ismani alikaanga mbegu mpya. Alikaa karibu na mafiga, anakoroga bila kupumzika. Moshi wa buluu ulijikunja ukapita kwenye mibuni. Mara mbegu zilipofika rangi ya kahawa, aliziipua, ingawa mkono ulitaka kungoja kidogo. Alitwanga, akachemsha, akaengua. Mafuta yaliporudi kwenye sufuria ndogo, alisikiliza. Yalipasuka, yakapasuka, yakanong'ona. Kisha yakanyamaza. Yalikuwa na rangi ya asali ya msituni. Siku ile hakugusa maji baridi, kwa heshima ya Bibi Izali, na kwa heshima ya mdomo wake mwenyewe.

Ijumaa alipaka tone moja ndani ya kiwiko cha Lovana. Kufika asubuhi ya Jumamosi, hapakuwasha wala hapakuwa pekundu. Beseni liliwekwa uani tangu alfajiri. Bibi Izali mwenyewe alikwenda kuchuma majani ya mstafeli, akayafikicha majini huku akimwombea mtoto. Saa saba mchana alitia kiwiko.

"Kama maziwa," alisema. "Leteni mtu."

Lovana alisimama mbali. "Nani ataniosha?"

Ismani alijua mtoto angependa kusema Nadèj, au Bibi. Alichuchumaa mbele yake.

"Nataka kukuosha mimi. Tufanye hivi. Ukisema 'basi', mikono yangu inasimama hapo hapo. Sitauliza kwa nini."

"Hata kama hujamaliza?"

"Hata kama una sabuni machoni."

Lovana alikuja. Ismani alimmiminia maji kwa kopo, polepole.

"Basi!" alisema Lovana.

Mikono ikasimama.

Lovana alifungua jicho moja, akaiangalia. Ilikuwa imesimama hewani kweli, inachuruzika. Akafunga jicho.

"Endelea."

Kisha, "Basi!" Ikasimama. "Endelea." Alifanya hivyo mara nne. Mara ya nne alikuwa anacheka, na Bibi Izali akafoka kwamba jua haliwezi kungoja mchezo.

Ismani aliosha kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Maji ya kwanza yalitoka kahawia. Ya pili yalitoka kama chai ya maziwa. Ya tatu yalitoka masafi, na mba ukaondoka bila kukwanguliwa. Hakusugua kwa taulo. Alizikandamiza nywele kidogo kidogo. Zikiwa bado na unyevu, alitia mafuta kiganjani, kijiko kidogo kimoja kwa kichwa kizima, akayasugua mikononi mpaka yakapata joto. Akapaka nywele, hasa ncha. Kwenye mapanja aligusa tu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Mafuta yaliyobaki viganjani aliyamalizia kwenye viwiko na miguu, ambayo upepo ulikuwa umeipaka chokaa. Ngozi iliyanywa, ikatulia.

Kisha akasuka mabutu manne, manene, malegevu. Tepe alizifunga mwishoni, si kwenye shina.

Jumatatu alikwenda na Lovana mpaka shuleni. Alihofia ukaguzi. Alimweleza Sista mkuu habari yote, na Sista akayatazama yale mabutu.

"Ni safi?"

"Ni safi, Sista."

"Mimi nakagua usafi, mama. Sijawahi kukagua maumivu."

Nadèj alikuwa ameonya kwamba nywele haziitiki kama mbuzi. Kama mashina yako hai, alisema, utaona dalili baada ya miezi miwili au mitatu. Usipoona, twende kliniki tukaulize. Ismani alihesabu majuma kwa rozari. Kila Jumamosi beseni lilitoka. Katikati ya juma alilowesha nywele kidogo na kupaka mafuta kidogo. Kwaresima ikaisha. Pasaka ikapita. Mba haukurudi, na Lovana aliacha kujikuna, lakini mapanja yalikuwa wazi vile vile. Siku nyingine Ismani alikata tamaa. Alijiambia kwamba amechelewa. Aliendelea hivyo hivyo.

Mvua za mwezi wa tano zilipoanza, Lovana aliingia mbio kutoka shuleni, ameloa, hana kitambaa.

"Mama, gusa! Gusa hapa!"

Ismani alifuta mkono kwenye aproni. Hapo juu ya sikio palikuwa na vinyweleo. Vilikuwa vifupi, laini, kama vile vya pichi. Upande wa pili navyo vilikuwepo, vichache zaidi.

"Bibi, njoo uone!"

"Macho yangu hayaoni vitu vidogo," alisema Bibi Izali, akapapasa. Akapapasa tena. "Ehe. Huyu si kuku tena. Huyu ni kifaranga."

Ismani alicheka na kulia kwa pamoja. Ndipo alipotambua jambo. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kichwa cha Lovana, na mtoto hakuinama upande.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu misa. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba za chini hazikuonekana kabisa. Ismani alitandika mkeka ndani, akakaa ameegemea ukuta. Hakuita mtu. Lovana alikuja mwenyewe na chanuo, akalaza kichwa kwenye paja lake.

"Nisuke huku nimelala," alisema.

Ismani akaanza. Butu la kwanza, la pili. Mvua iligonga bati bila haraka. Vidole vilipita kwenye nywele zenye unyevu, vikasimama, vikapita tena. Alipofika la tatu, alisikia pumzi ya mtoto imebadilika. Ilikuwa ndefu na nzito. Aliinama akamtazama. Lovana alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika sketi ya mama yake.

"Ismani!" Bibi Izali aliita kutoka chumba cha pili. "Kahawa inachemka, itamwagika!"

Kahawa ikamwagika. Harufu yake ikajaa nyumba. Ismani aliisikia, na mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakujitikisa. Butu la tatu lilikuwa mkononi mwake, nusu limesukwa, naye hakutaka kulimaliza.